Mikono Miwili ya Twalibu

Twalibu ana miaka sitini na tatu na sikio moja. La kushoto lipo, linaonekana, lakini kazi halifanyi. Miaka arobaini amelipigia nyundo kwenye garaje yake ya Buyenzi, hapa Bujumbura, akifungua dinamo na demarere, zile mota za kuwashia injini, za magari ambayo wenyewe wangeyatupa kama wangekuwa na mengine. Ukitaka kuzungumza naye unakaa kuliani. Ukikaa kushoto unazungumza na ukuta.

Mke wake alifariki zamani. Binti yake Lamya ameolewa Kigoma, na anapiga simu siku za Idi tu. Nyumba ina vyumba vitatu, mwenyewe anaishi kimoja. Mimi nauza makaa ng'ambo ya barabara, namwona anavyofungua na anavyofunga, na maisha yake yote ningeyaandika kwenye karatasi ya kufungia sukari, kama isingekuwa mpira.

Mpira ulimpa vitu viwili: Rachid, na siku ya Ijumaa.

Rachid alikuwa refa, Twalibu mshika kibendera wake. Sikio si kitu kwa mshika kibendera. Anahitaji macho, miguu, na moyo wa kutukanwa mama yake kila wiki bila kugeuka. Walizunguka wote wawili Kamenge, Mutakura, hadi Uvira. Rachid akapanda, akapata beji ya kuchezesha nje ya nchi, Twalibu akabaki kwenye mstari wake na hakuona wivu. Nilimchunguza sana, kwa sababu wivu wa wanaume mimi naujua. Hakuwa nao.

Miaka kumi na minne iliyopita Rachid alipewa mechi ya mbali. Asubuhi ya mechi mtu akamfuata hotelini, akamwambia mechi hii ina mwenyewe, ushindi wake umeshalipiwa. Rachid akachezesha kama anavyojua, kisha akarudi Bujumbura na kuandika barua kwa shirikisho la mpira la dunia, ile ofisi yao iliyowekwa kusikiliza malalamiko kama hayo. Akataja jina la mtu. Akataja na namba ya chumba. Barua haikujibiwa. Kilichokuja ni orodha ya marefa ya mwaka uliofuata, na jina la Rachid halikuwemo. Tangu hapo hadi anakufa hakupuliza tena filimbi nje ya mji huu.

Mkubwa wa ofisi ile iliyoikalia barua hakufa wala hakufukuzwa. Watu wa namna hiyo wanapanda ngazi. Ndiye aliyesimama juzi kugombea urais wa shirikisho lote la dunia.

Sasa Ijumaa. Tangu mke wake afariki, Twalibu akitoka msikitini Ijumaa alikuwa anakula kwa Rachid. Rachid alipokufa, mjane wake Khadidja akaingia eda, miezi minne na siku kumi ndani, lakini alimwambia mwanawe mkubwa, Azhar: "Sahani ya Twalibu isikatike." Basi ikawa inawekwa barazani. Twalibu anakula na Azhar na wadogo zake, na Khadidja anamsalimia kutoka nyuma ya pazia la mlango. Siku sita za wiki watu wanamwita Twalibu kwa ajili ya dinamo. Siku moja alikuwa anaitwa ili ale. Mwenye nyumba iliyojaa watu hawezi kujua hiyo ni nini.

Kwenye uchaguzi wa shirikisho la dunia kila nchi ina kura moja. Hata sisi. Kura yetu ina uzito uleule wa nchi zenye viwanja vya kufunika na kufunua paa kama sufuria. Ndiyo maana wagombea wanatukumbuka. Yule mgombea hakuja mwenyewe. Alituma wanaume wawili wa suti, wakakaa siku tatu kwenye hoteli ya ziwani, wakaonyesha picha za tapi, yale majani ya plastiki ya kijani wanayotandika kiwanjani, mvua inanyesha na watoto wanacheza bila kuchafuka. Chama cha mpira kikaitisha mkutano wa wajumbe kumi na mmoja waamue kura yetu iende kwa nani, kisha rais wa chama, Térence, aipeleke huko ng'ambo. Twalibu alikuwa mjumbe wa vilabu vya Buyenzi.

Ijumaa ya kabla ya mkutano Khadidja alisema nyuma ya pazia:

"Shemeji, kesho mukono wako ubaki chini."

"Utabaki chini, Mama Azhar."

"Akiupata yule mutu urais, barua ya Rachid wameizika na yeye."

"Nimesema utabaki chini."

Akala pilau, akanawa, akaenda zake.

Jumamosi mkutano ukafunguliwa. Wajumbe walikaa kwa safu, Twalibu mbele, ukuta kuliani kwake, kushoto kwake Nawaf wa duka la vipuri, mtu wa familia ya Waarabu wa siku nyingi hapa mjini, mwenzake wa kahawa kila alasiri. Kwa hiyo sikio zima lilikuwa linasikiliza ukuta. Upumbavu wa kwanza ni huo, mtu anayejijua anachagua kiti. Yeye alikaa penye kivuli.

Wasemaji wakasema, suti zikaonyesha picha. Kisha Térence, ambaye ana sauti tamu na anaijua, akasimama na uso wa msiba.

"Kabla hatujapiga kura, tumukumbuke ndugu yetu Rachid, refa mukubwa wa nchi hii. Dakika moja ya kimya."

Hayo Twalibu aliyasikia vizuri, maana jina la Rachid angelisikia hata kwa magoti. Wote wakasimama. Wakristo wakainamisha vichwa, mikono chini. Twalibu akafumba macho, akanyanyua mikono yote miwili, akaanza Fatiha.

Na yeye akiomba dua hanyanyui kama watu. Wengine tunafungua viganja hapa kifuani. Twalibu anainua hadi juu ya kichwa. Rachid alikuwa akimtania mazikoni: "Twalibu, unaomba kama mutu anadaka kona." Na hana haraka. Fatiha, kisha Kul huwallahu mara tatu, kisha anamtaja marehemu kwa jina lake na la mama yake, kisha maombi yake mwenyewe kwa Kiswahili, kaburi lipanuliwe, maswali yawe mepesi.

Dakika ya Térence ilikuwa ya sekunde ishirini. Akasema merci, kaeni. Wakakaa. Twalibu hakusikia. Alikuwa bado kwenye Kul huwallahu ya pili.

"Wanaokubali kura yetu iende kwa mugombea wetu," Térence akasema, "mikono juu."

Ikapanda mikono mitano. Na pale mbele kulikuwa na mzee mmoja amesimama wima peke yake, mikono miwili hewani, macho yamefumbwa kwa hamu. Irène, katibu wa chama, akahesabu sita. Alipiga na picha, kwa sababu ni kazi yake, na kwa sababu, aliniambia baadaye, hajawahi kuona mtu anayetaka kitu kiasi kile.

Sita kwa watano. Wakapiga makofi. Twalibu akamaliza, akasema amina, akapangusa uso, akafumbua macho, akakuta ukumbi unapiga makofi. Akadhani ni ya Rachid. Akapiga na yeye. Alipiga sana, machozi yakimtoka.

Na hayo Irène aliyachukua kwa video.

Mlangoni Moïse, mjumbe wa Kamenge, rafiki wa marehemu, alimpita bila kumpa mkono. Twalibu akafikiri ana haraka.

Wiki nzima hakujua. Simu yake ni ya vibonye, haina picha. Mji mzima ulikuwa umemwona kwenye WhatsApp, yeye bado. Watu wakipita garajeni walinyanyua mikono miwili na kucheka, na yeye, masikini, aliona ni salamu mpya ya vijana, akawa anawajibu kwa mikono miwili. Niliona hayo kwa macho yangu. Nilitaka kuvuka barabara nimwambie. Sikuvuka. Nilikuwa na mimi nimeshaamini kwamba amekula hongo.

Ijumaa akaenda kwa Khadidja. Azhar na wadogo zake hawakuwa wamekaa mkekani, walikuwa wamesimama. Azhar akamwekea simu mbele ya macho. Picha, kisha video. Twalibu akaiangalia mpaka mwisho, akaomba aione tena.

"Mama Azhar," akasema kuelekea pazia, "pale nilikuwa namuombea Rachid."

"Wakati watu wanapiga kura."

"Sikusikia. Walisema dakika ya kimya, mi nikaanza Fatiha..."

"Shemeji." Sauti yake haikupanda. "Mutu anaweza kuuza mukono wake. Iko mingi, inauzwa. Lakini kuuza na kusingizia dua ya maiti? Ulinyanyua miwili, moja haikutosha? Na makofi? Makofi pia iko mu Fatiha?"

Makofi alipiga kweli.

"Azhar, ingiza sahani ndani."

Akarudi kwake. Nilimwona akipita na tumbo tupu, saa nane mchana, kanzu yake nyeupe imepigwa pasi. Ijumaa ile alikula ndizi mbili zangu na akataka kulipa.

Alasiri akaenda kwenye kahawa. Wanaume walikuwa wanacheka, wakainamia vikombe. Akakaa kushoto kwa Nawaf, safari hii sikio zima upande wake.

"Nawaf, ulikuwa pembeni yangu. Uliomba dua na weye, nilikuona ukianza. Ulinisikia nikisoma."

"Mi dua yangu fupi, muzee. Nilipangusa uso, nikakaa."

"Nikabaki nimesimama. Ukaona."

"Nikaona."

"Ukajua ni dua."

Nawaf akazungusha kikombe. "Mi nitajuaje iko ndani ya roho ya mutu? Mikono ni mikono." Kisha akawageukia wengine: "Huyu kama angekuwa na ya tatu, tungeshinda saba!" Wakacheka. Twalibu akaacha kahawa yake ikiwa na moshi.

Jumatatu gari kubwa likasimama mbele ya garaje, akashuka Térence. Nilisogeza kigoda changu, sikuona sababu ya kujificha.

"Muzee Twalibu! Nimekuja kukushukuru mwenyewe. Tapi ya kwanza inakuja hapa, Buyenzi. Umeishaiona picha?"

"Sikupiga kura, bwana rais. Nilikuwa naomba dua."

Térence akacheka, kisha akaona mwenzake hacheki. "Sikiliza. Mungu anajua ya kwake, PV, ile karatasi ya mukutano, inajua ya kwake. Watoto wako hapa wanacheza juu ya mawe. Utawaambia nini? Tapi imerudi kwa sababu ya sikio?"

Na hapo alimshika pabaya. Habari ya tapi ilikuwa imeshafika mtaani, na wale waliomwona msaliti na wale waliomwona shujaa wote walikubaliana kwamba alinunuliwa. Akina mama wa timu ya watoto walimletea chapati. Azhar mwenyewe ndiye anayefundisha timu ile. Matusi Twalibu aliyameza. Chapati zilimshinda, akanipa mimi.

Akaenda ofisini kwa Irène, katibu. Akamwambia afute.

"Papa, siwezi. PV itasomwa Jumamosi hii, wajumbe wote waipitishe. Utasema pale."

"Basi andika pembeni nilikuwa naomba dua."

Irène ni msichana mzuri, akamgeuzia karatasi aione. "Angalia. Iko fasi tatu. Anayekubali, anayekataa, anayejizuia. Nikuweke kwa kujizuia?"

"Sikujizuia. Nilikuwa namuombea mutu."

"Fasi ya dua haiko, Papa."

Ilipofika Jumamosi hiyo, Twalibu alivaa kanzu ileile, akachagua kiti cha upande mwingine wa ukumbi. Térence alikuwa aondoke kesho yake. PV ikasomwa. Twalibu akainuka.

Aliongea vibaya, mimi nimeambiwa na watatu na wote wamesema hivyo. Alianzia mbali, kwenye barua ya miaka kumi na minne, akataja namba ya chumba cha hoteli, akachanganya, akarudi kwenye sikio. Mwisho akasema: "Mi sikumukubali yule mutu. Mukono wangu ulikuwa wa Rachid. Muutoe. Mukiutoa, wanaokubali watano, wanaokataa sita."

Kisha mmoja akauliza, kama utani, kama na dua ya wale wengine ihesabiwe, na ukumbi ukalegea kwa kicheko.

Moïse wa Kamenge hakucheka. "Kura irudiwe," akasema. "Mi nilimuhukumu huyu muzee bila kumuuliza. Irudiwe."

Térence hakukasirika. Angekasirika ingekuwa afadhali. "Kura imepigwa, haifutwi. Lakini mi ni mutu wa demokrasia. Wanaotaka turudie, mikono juu."

Twalibu akanyanyua mmoja. Moïse akanyanyua wake. Wakangoja. Wale waliokataa mara ya kwanza walikuwa watano, na mikono ya wanne ilikuwa mezani, mmoja anatafuta kalamu, mmoja anasoma simu. Nawaf alikuwa mmoja wa wanne hao. Nawaf alikataa mara ya kwanza, kweli, nani angejua. Ila kati ya mkutano na mkutano, orodha ya watakaomsindikiza rais kwenye kongamano ilikuwa imeongezeka: tiketi, hoteli, siku sita. Wanne. Wale waliomwita Twalibu mtu wa kununuliwa walikuwa na viza ndani ya mfuko wa koti.

"Wawili," akasema Irène.

"Basi maneno ya muzee tuyaandike kwenye divers," akasema Térence. "Tumuheshimu." Na kabla ya kufunga akatangaza kwamba tapi, kwa kuwa Buyenzi inaonekana haina umoja, itaanzia mtaa mwingine.

Habari ilifika kwetu kabla yake. Alipofika, akina mama wa chapati walikuwa kwenye milango, hakuna aliyemsalimia. Wa Rachid walikuwa hawamtaki kwa sababu alinyanyua, wa tapi sasa hawamtaki kwa sababu ameshusha. Mtu mmoja tu ndiye aliyebaki na kesi yake haijaamuliwa, na huyo yuko nyuma ya pazia.

Mgombea alishinda kule ng'ambo. Alishinda kwa kura nyingi sana, hata yetu haikuhitajika. Twalibu alisikia redioni, akaendelea kukaza nati.

Ijumaa iliyofuata akatoka msikitini, akapita kwa Irène kuchukua nakala ya PV, akaenda kusimama kwenye baraza ya Khadidja. Mkeka ulikuwepo. Vijana hawakuwepo.

"Mama Azhar, hodi."

"Azhar na wenzake wametoka," sauti ikasema. "Wamesikia unakuja, wakatoka. Kiwanja kinawauma."

"Nimeleta karatasi. Nitakusomea."

"Nipe, najua kusoma."

Mkono ukatoka pembeni ya pazia, ukachukua. Khadidja alisoma kwa sauti, polepole, kama tulivyofundishwa darasa la nne, neno la Kifaransa moja baada ya jingine, hadi ukurasa wa mwisho, hadi mstari wa mwisho kabisa: bwana Twalibu amesema kwamba wakati wa kura alikuwa akimuombea marehemu Rachid.

Karatasi ikasikika ikigeuzwa.

"Hapa juu wameandika divers. Divers ni nini?"

"Ni mambo ya mwisho. Ile yamekosa fasi ya kukaa."

"Kama weye."

"Kama mi."

Nyuma ya pazia alipenga kamasi. Kisha akauliza swali ambalo katika wiki tatu hakuna mtu mjini aliyekuwa ameliuliza.

"Ulimuombea nini?"

Twalibu akamwambia. Kaburi lipanuliwe. Maswali yawe mepesi. Na kwamba huko aliko, akiandika barua, ijibiwe.

Pazia likasogea chini, sahani ikasukumwa nje, pilau, na pilipili pembeni.

"Siwezi kukukalisha na mutu, shemeji. Watoto wamekataa na mi niko mu eda. Utakula peke yako."

"Haina shida. Na Ijumaa ingine?"

"Ijumaa ingine iko mbali. Kula kwanza."

Alisikia kanga zake zikielekea chumba cha ndani. Akakaa katikati ya mkeka wa watu watano, akasema bismillahi, akala polepole sana. Watu wakapita barabarani, wengine wakanyanyua mikono. Hakujibu. Alikuwa anakula.